Unga wa kusugulia: jivu, magadi au kopo la dukani?

Kusugua sufuria ni kazi isiyo na likizo, na upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, swali la nini kitumike kusugulia limerudi barazani. Je, nyumba ijitengenezee unga wake, au iendelee kununua kopo? Mimi niko upande wa kujitengenezea, ila sababu yangu si ile inayotajwa sana. Wengi husema unga wa nyumbani ni mzuri kwa kuwa ni wa asili. Huo naona ni msingi mbovu. Uzuri wake ni kwamba anayeuchanganya anaweza kukijua kila kilichomo, akaubadilisha kulingana na chombo alichonacho mkononi. Asipokijua, ni heri anunue kopo.

Hapa chini nimezipa nafasi sauti nne. Hakuna iliyo ya mtu mmoja. Nimeziunga kutokana na maneno yanayosemwa majikoni na vibarazani kwetu, ndiyo maana sikuzipa majina. Nyanya ni wa Mtongwe, Likoni. Mama anakaanga viazi karai, naye pia ni wa Likoni. Kijana anauza sabuni ya maji Mlaleo, Kisauni. Mwalimu anasomesha kemia Changamwe. Nami nitaingia nikiona pa kuingilia.

KIJANA: Shikamoo nyanya. Shikamoo mwalimu. Mimi sabuni yangu natengeneza mwenyewe: ungarol, chumvi, rangi, manukato na maji, nakoroga, najaza mitungi. Mteja akishanunua huniuliza, "Na ya kusugulia je?" Kwa sababu sabuni ya maji haing'oi ukoko wa pilau, wala masizi. Sasa nataka kufanya unga wa asili, niufunge, niuze. Magadi yapo, chumvi ipo, na maganda ya mayai yanatupwa kila kona kunapouzwa mayai ya kuchemsha. Kuna ubaya gani?

NYANYA: Marahaba mwanangu. Ubaya hakuna, lakini waniuzia nini nisichokuwa nacho? Sisi tumelelewa na jivu na kumbi la nazi. Kumbi walichambua mpaka zibaki nyuzi, walilowesha, walichovya kwenye jivu, wasugua. Na kuni zikiwa ndizo za kupikia, kabla hujateleka sufuria waipaka jivu la maji upande wa nje, kote mpaka karibu na mdomo. Masizi yashika jivu, hayashiki sufuria. Ukija kuosha yatoka yote pamoja. Nyinyi mwaanza kufikiria kusugua masizi yashaganda!

Neno hilo la Nyanya nisingependa lipite hivi hivi. Mjadala mzima wa unga wa kusugulia huanzia mwisho wa kazi, chombo kikiwa tayari kimeharibika, wakati nusu ya usuguaji ingeweza kuepukwa kabla moto haujawashwa. Tabaka jembamba la jivu na maji hukauka juu ya bati, masizi yakatua juu yake, na maji yakiligusa tena linaachia. Hakuna kopo la dukani linalofanya kazi hiyo. Anayepikia kuni au makaa afanye hivyo leo, hata kama hatasoma mstari mwingine wa makala haya.

MWALIMU: Na jivu lenyewe, nyanya, ni kemia kamili. Ndani ya jivu la kuni mna kaboneti ya potasiamu. Ikikutana na mafuta yaliyoganda, sehemu ya mafuta hayo hugeuka sabuni pale pale kwenye sufuria. Jivu la makumbi ndilo bora, kwa kuwa makumbi yana potasiamu nyingi. Kisha zile nyuzi zinakwangua bila kuchimba. Kwa hiyo unapata sabuni na msasa kwa wakati mmoja.

MAMA: Mwalimu, nisamehe, lakini hayo ni maneno ya mtu asiyesugua karai kila usiku. Mimi mafuta yangu yameiva juu ya chuma mpaka yamekuwa kama lami. Jivu nimelitumia. Karai linatakata, sawa. Mikono yangu je? Inapasuka mpaka ndimu ikigusa nalia. Na sufuria zangu za alumini zimekuwa nyeusi ndani. Hiyo sabuni inayojitengeneza, mbona yala na mwenye kuosha?

MWALIMU: Kwa sababu haibagui. Ukali unaokula mafuta ya viazi unakula pia mafuta ya ngozi yako. Vaa glavu, au shika kwa kitambaa kinene, na ukimaliza suuza mikono kwa maji mengi kisha upake mafuta ya nazi. Ama alumini, hiyo haipatani na jivu wala magadi. Alumini hujikinga kwa utandu mwembamba sana usioonekana. Ukali wa jivu unauyeyusha ule utandu, alumini yenyewe inabaki wazi na kubadilika rangi.

NYANYA: Hilo nalijua bila shule. Sufuria ukichemshia kunde kwa magadi, ndani yawa nyeusi. Ukipikia mchuzi wa ukwaju kesho yake, yametameta!

MWALIMU: Ndivyo hasa. Uchachu wa ukwaju unaula ule weusi.

NYANYA: Basi sema hivyo. Karai la chuma lipe jivu. Sufuria ya alumini ipe kumbi na sabuni, na ikishakuwa nyeusi ipe ukwaju au ganda la ndimu. Na dele la kahawa, lile la shaba, halitaki magadi kabisa; ni ndimu na chumvi, au ukwaju, wasugua, wasuuza, wakausha hapo hapo. Ukiliacha na uchachu mpaka asubuhi lageuka kijani.

KIJANA: Sasa mnanipa vitu vitatu. Mimi nataka kimoja, cha kuweka kwenye pakiti.

Hapa ndipo Kijana na mimi tunapoachana njia. Kimoja cha kila kitu hakipo, wala katika kopo la dukani hakipo. Kilichopo ni maelezo yaliyoandikwa nyuma ya kopo ambayo hatuyasomi. Lever Brothers wa Uingereza walipoanza kuuza Vim mwaka 1904, walikuwa wanauza mambo mawili ndani ya chombo kimoja: punje za kukwangua na sabuni ya kubeba uchafu. Mpaka leo unga wa aina hiyo ni hayo mawili, pengine na dawa ya kung'arisha juu yake. Sabuni haileti ugomvi. Ugomvi uko kwenye punje.

KIJANA: Punje si tatizo. Shelly Beach mchanga hauishi.

MWALIMU: Chukua huo mchanga tuuone.

Mwalimu anaweka kijiko kimoja cha mchanga wa pwani kwenye kisahani cheupe, anaukamulia ndimu. Juu ya baadhi ya punje vinatokea viputo vidogo, vinapanda, vinapasuka, na ukiinamia unasikia mchirizo hafifu. Punje hizo ni vipande vya matumbawe na vya kauri: ni chokaa, kaboneti ya kalisiamu, nayo inaliwa na uchachu. Kati yao zimo nyingine zinazong'aa kama chembe za sukari, na hizo hazitoi kiputo hata kimoja. Zimekaa tu ndani ya maji ya ndimu. Anaichukua moja kwa ncha ya kidole iliyolowa, anaiburuta juu ya chupa tupu ya soda akiikandamiza. Mstari unabaki. Anapitisha kitambaa, mstari hauondoki.

MWALIMU: Hiyo ni kwatsi. Mjerumani Friedrich Mohs alipanga mwaka 1812 kipimo cha ugumu wa mawe, kuanzia 1 hadi 10 ya almasi. Chumvi iko kwenye 2 na kidogo. Chokaa ni 3. Kioo ni kama 5 na nusu. Kwatsi ni 7. Ukisugua vigae vya choo, sinki au glasi kwa kitu cha 7, hufanyi usafi, unachora. Na kila mchoro ni mtaro mpya wa uchafu, kesho utasugua zaidi. Marekani huko, mwaka 1886, Bon Ami walijipatia jina kwa sababu moja tu: waliiacha kwatsi wakatumia feldispa, jiwe lililo laini kuliko hiyo.

MAMA: Lakini karai langu si kioo.

MWALIMU: Karai la chuma linaweza kuvumilia mchanga, mama. Sikatai. Nakataa mchanga huo huo uuziwe mtu mwenye sinki jipya. Na kuna jingine. Kijana akianza kuutwanga mchanga uwe unga laini, anavuta vumbi la kwatsi, na vumbi hilo linaharibu mapafu moja kwa moja. Watu wa migodini wanalijua hilo.

KIJANA: Basi maganda ya mayai.

MWALIMU: Hayo nayakubali kwa mikono miwili. Ganda la yai karibu lote ni kaboneti ya kalisiamu, ugumu wake 3. Lisafishe, ondoa ule utando wa ndani, chemsha dakika 10 ili vijidudu vife, anika juani mpaka likatike kwa vidole, kisha twanga na uchekeche kwa kitambaa. Chekecha mara mbili. Punje moja kubwa inatosha kuharibu kazi.

NYANYA: Na mfupa wa dome? Ule mweupe unaotupwa na bahari. Wakwaruzika kwa ukucha.

MWALIMU: Unafaa, nyanya, ni chokaa vile vile. Lakini maganda ya mayai yapo kila siku, na Mombasa tuna hifadhi ya bahari tangu 1986, hapo Nyali na Bamburi. Sipendi biashara itakayowapeleka watoto ufukweni na magunia.

Suala la unga unatoka wapi halikomei ufukweni. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloniudhi zaidi ninaposikia neno "asili" likitumika kama cheti cha usalama. Jirani na Changamwe, huko Mikindani, uko mtaa wa Owino Uhuru. Mwaka 2007 palianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi, kilifungwa 2014. Moshi wake na maji yake yaliingia kwenye udongo, kwenye mabati, kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi kiwandani humo na mwanawe akapatikana na risasi mwilini, aliongoza wakazi kudai haki. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikasimama na wakazi Desemba 2024.

Udongo wa mahali kama pale kwa macho hauna tofauti na udongo mwingine wowote. Hauna harufu. Ukiuchekecha unakuwa unga mzuri laini. Ni wa asili kabisa kwa kadiri jicho linavyoona, na mtu angeweza kuusugulia sahani ya mtoto. Risasi haitoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika. Kwa hiyo sikubali udongo, vumbi la barabarani, wala mchanga uliochotwa karibu na gereji, karakana ya betri au kiwanda uingie jikoni. Nami sina subira na anayejibu kwamba bibi zetu walitumia udongo na hawakudhurika. Udongo wao haukuwa umepitiwa na betri.

MAMA: Hapo nimekuelewa. Na jivu je?

MWALIMU: Jivu nalo lina asili yake. Kilichochomwa ndicho unachosugulia. Mbao zilizopakwa rangi, mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, takataka: jivu la vitu hivyo litupwe.

KIJANA: Tufike kwenye magadi basi, kwa sababu ndiyo moyo wa unga wangu. Watu wa Kisauni wanayapenda kwa jambo moja. Maji yetu ya kisima sabuni haitoi povu. Unasugua, unapata utelezi mweupe unaoganda kwenye beseni.

Kijana amegusa penyewe. Sehemu kubwa ya Kisauni imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya mvua yakipenya mwamba huo yanabeba kalisiamu, na karibu na bahari yanaongezewa chumvi. Bomba la Mzima lilianza kuleta maji Mombasa mwaka 1957, Baricho ikafuata baadaye, lakini wakazi wengi wa bara bado wanaishi kwa kisima na kwa mtungi wa mkokoteni. Maji magumu yanaifunga sabuni kabla haijafikia uchafu. Ule utelezi mweupe ni sabuni iliyokufa. Magadi hufanya jambo la maana hapo. Tia kijiko kimoja cha chai kwenye ndoo ya maji ya kisima, koroga, yaache. Maji yanakuwa na ukungu, kisha ukungu unashuka chini kama unga. Hiyo ni chokaa iliyoondolewa. Sabuni ikitiwa sasa inatoa povu. Uchumvi wa maji unabaki pale pale, magadi hayauondoi, lakini nusu ya vita imekwisha.

Magadi yenyewe ni mali ya nyumbani kweli. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa 1911, reli ya kutoka Konza ikafika ziwani 1915, na tangu hapo shehena zimekuwa zikishuka Kilindini kwenda ng'ambo. Treni iliyoyabeba ilipita Changamwe mbele ya milango yetu, nasi tukaenda dukani kununua unga uliotoka nje wenye kitu hicho hicho ndani yake! Hilo ndilo jambo linalonifanya nimuunge mkono Kijana hata pale ninapomkemea.

MWALIMU: Lakini magadi ya ziwani yana floraidi nyingi, tena ni makali kuliko soda ya kuokea. Kwa vyombo vya kulia, suuza mara mbili. Kwa friji, meza, chupa za mtoto na sufuria za alumini, weka soda ya kuokea mahali pa magadi, maana ukali wake ni mdogo sana.

MAMA: Na siki? Naambiwa changanya siki na soda, inachemka yenyewe, uchafu unakimbia.

MWALIMU: Inayokimbia ni nguvu yenyewe. Kimoja kichachu, kingine kikali. Vikikutana vinamalizana, unabaki na maji ya chumvi chumvi. Tumia soda kwanza kwa mafuta, suuza, halafu siki au ndimu kwa ule ukoko mweupe wa birika. Kwa zamu. Na nawaombeni, siki, ndimu au ukwaju usikutane kamwe na Jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo. Hapo hutoka gesi ya klorini. Choo cha mtaa wetu ni chumba kidogo kisicho na dirisha; mtu anaweza kuanguka humo humo.

KIJANA: Basi nipeni vipimo.

MWALIMU: Unga wa maganda ya mayai vikombe viwili. Magadi yaliyosagwa nusu kikombe, au soda ya kuokea kikombe kizima. Sabuni ya kipande iliyoparuzwa na kukaushwa, robo kikombe. Changanya pakavu, kwa kijiko kikavu.

KIJANA: Na chumvi? Kila ninayemuuliza anatia chumvi.

NYANYA: Mombasa hii? Utie chumvi kwenye pakiti? Masika yakianza utauza jiwe.

Nyanya ana haki. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Vipimo vinavyotoka nchi za baridi na ukavu hutia chumvi nusu kwa nusu. Hapa kwetu unga huo unaganda kabla ya mwezi kwisha. Anayetaka chumvi aichote jikoni wakati wa kusugua, aitumie papo hapo kwa shaba au ubao wa kukatia. Unga ukae kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, nao ufanywe kidogo kidogo.

MAMA: Mimi sijamaliza. Kijana, utauuza ndani ya nini? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017. Utafunga kwenye karatasi, au kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Unga mweupe, laini, ndani ya kopo la maziwa, nyumba ya chumba kimoja. Mtoto wangu wa miaka sita atajuaje? Hata mimi usiku stima ikipotea nitautia kwenye chapati.

KIJANA: Nitaandika juu.

MAMA: Mtoto hasomi.

Mama hapa amewashinda wote, na mimi pamoja nao. Magadi yakimezwa yanachoma kinywa na koo. Tumezungumza ugumu wa mawe na utandu wa alumini, na hatari kubwa kuliko zote ilikuwa rangi ya unga.

KIJANA: Nitie manjano basi, usifanane na ngano.

MWALIMU: Manjano yakikutana na magadi na maji yanageuka mekundu kama damu. Mteja atashtuka, na plastiki yake nyeupe haitatakata tena.

NYANYA: Tia jivu. Vijiko viwili vya jivu lililochekechwa, unga wote wawa wa kijivu. Hakuna atakayeudhani sukari wala ngano.

KIJANA: Nyanya, kumbe jivu lako nitalinunua.

NYANYA: Utalinunua kwangu, na utaandika kwenye kopo kila ulichotia, tena kwamba si la sufuria za alumini. Kisha uende KEBS, shirika la viwango, ukaulize wanataka nini kabla hujapeleka dukani kwa mtu. Jivu nitakupa la vifuu na makumbi. La jiko la makaa la jirani usilichukue, wale huwashia kwa karatasi za plastiki.

MAMA: Nami nataka la kwangu lisilo na magadi wala jivu, kwa ajili ya sufuria. Karai nitalisugua na jivu kama kawaida, lakini hizo glavu, Mwalimu, zinauzwa wapi kwa bei ya mtu wa viazi?